Fimbo ya Baba Mdogo Magesa

Jamani, hili nawaambia mkiahidi halitafika Kitaji, maana pale nina duka la spea za pikipiki na watu wananiheshimu, ila ukweli ni kwamba mimi ndiye bwana harusi pekee ninayemjua aliyejipandishia mahari mwenyewe, mbele ya baba yake mzazi, akiwa ameshika fimbo ya wakwe.

Tulikuwa Butiama, nyumbani kwa Nyangeta wangu. Mzee wangu alikuja na wazee wenzake kutoka Bugwema, na njiani alishaniambia: ng'ombe nane, wakizidi hapo hao wengine utatafuta mwenyewe. (Mzee wangu harudiagi neno.) Tulikuwa tunamsubiri mjomba wa Nyangeta, anakaa Kabasa kule Bunda, na bila mjomba hakuna mazungumzo. Mchana ulikuwa mzito, mvua inanukia mbali bila kunyesha, njiwa wanalia kwenye mawe, wazee wanasinzia vitini, hata mimi nilikuwa nusu ndotoni. Ndipo Baba Mdogo Magesa, mdogo wake baba mkwe na ndiye msemaji wao, akatoa karata mfukoni.

"Mkwe, njoo tucheze ishirini na moja, tutakufa na usingizi hapa."

Ningesema hapana yangeishia hapo. Lakini mimi karata nazihesabuga. Nilijifunza kwenye simu siku ambazo dukani hakuna wateja: ndogo ikitoka unaongeza moja, kubwa ikitoka unapunguza moja, hesabu ikipanda ujue zilizobaki ni kubwa, weka dau nono; ikishuka, aga uondoke. Si wizi, ni kukumbuka tu. Na utamu wake siwezi kuueleza vizuri, ukishaingia sauti za watu zinaenda mbali, karata zinashuka polepole, wewe unaelea tu, unaona kinachokuja kabla hakijaja.

Tulichezea karanga, na muda si mrefu zangu zikawa kilima. Zake zilipoisha akaweka kofia, nayo ikaja kwangu. Nikajiambia inuka sasa, huyu ni mkwe, mrudishie kofia yake ukakae na wenzako. Lakini hesabu ilikuwa juu, juu kabisa, zilizobaki ni picha karibu zote, za kumi kumi, na mtu aliyefundishwa kuondoka hesabu ikishuka hajui aondokeje ikiwa juu. Mkono mmoja tu wa mwisho, nikasema. Baba Mdogo akacheka kwa hasira, akalaza fimbo yake mezani. Mimi nilikuwa na kumi na nane, nikatulia. Yeye alikuwa na kumi na sita, akajivutia moja, na nilijua ni kubwa hata hajaifunua. Kingi. Amezidi ishirini na moja, fimbo yangu.

Saa hiyohiyo mjomba akaingia uani.

Nikamrudishia fimbo kwa mikono miwili, akakataa. "Nilichopoteza nimepoteza, mimi si mtoto. Na hapa kwetu anayetaja ng'ombe ni mwenye fimbo. Haya mkwe, simama utaje."

Nikacheka, nikakuta nacheka peke yangu. Nikamtazama mjomba aniokoe, maana yeye ndio kwanza amefika na hana ugomvi na mtu, mjomba akavuta kiti, akakaa vizuri, akasema, "Tunakusikiliza, msemaji."

Nikasimama. Kofia ya Baba Mdogo kichwani (ndiyo, nilikuwa nimeivaa, Mungu anisamehe), maganda ya karanga yamejaa kwenye suruali. Mbele yangu Mzee, midomo yake inasema nane bila sauti. Pembeni dirisha, na pazia likatikisika, nikajua Nyangeta yuko pale anasikiliza mimi mwenyewe nitamtajia ng'ombe wangapi. Niliogopa, jamani. Nikisema nane, nitamtazamaje miaka yote ya ndoa? Nikahisi naelea tena, njiwa, harufu ya mvua, kila kitu polepole, nikasikia sauti yangu ikitokea mbali huko.

"Kumi na mbili."

Baba Mdogo akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama yeye.

"Mkwe," akasema taratibu, "sisi tulikuwa tumekubaliana saba. Lakini kilichotajwa na mwenye fimbo hakirudi."

Wakacheka wote mpaka mjomba akafuta machozi. Wote isipokuwa Mzee wangu.

Wakati wa kurudi, tulipoacha lami, Mzee akauliza, "Huo mchezo wenu unachezwaje?" Nikamweleza: unaisogelea ishirini na moja, ukizidisha umepoteza. Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirishani.

Ndiyo maana mpaka leo sijaoa. Nane wako zizini Bugwema, wanne natafuta. Jioni Nyangeta ananipigia, ananiita Msemaji, anacheka weee, halafu kabla ya kukata anasema "kumi na mbili" kwa sauti ya chini, basi, anakata. Karata na wakwe sitacheza tena, naapa. Ila ile namba, hata wangekuja wenyewe kunirudishia, nisingeipokea.