Picha Iliyokataa Kukauka

Mawese yanayopashwa moto yana harufu nzito, na tapentaini ya kuyeyushia rangi ina harufu kali inayopanda hadi kwenye macho. Zikichanganyika, watu wengi hukunja pua. Mimi hutabasamu, kwa sababu hivyo ndivyo nyumba yetu ya mtaa wa Ngagara ilivyonukia msimu mmoja wa mvua, nilipokuwa na miaka tisa na baba yangu mdogo Salvatori alipokuwa akitafuta kuwa mchoraji. Mvua ilikuja kila siku mara tu baada ya chakula cha mchana. Ilipiga mabati mpaka watu wakaacha kuzungumza, kuku wa jirani wakajazana kwenye baraza letu, na sisi wawili tukajifungia katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya makaa. Yeye alisimama mbele ya kitambaa cha gunia la unga alichokiwamba kwenye mbao nne. Mimi nilikaa kwenye kiti kifupi karibu na dirisha, sinia la maharage mapajani, nikichambua yaliyooza. Kazi yangu ilikuwa kutotikisika, na kwa mtoto kama nilivyokuwa, ambaye hata mezani sikuweza kukaa mpaka sahani iishe, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kubeba maji.

Salvatori alikuwa mdogo wa baba na aliishi nasi. Maisha yake yote alikuwa amechora mabango: ya vinyozi, ya gereji, ya wauza nyama choma. Vichwa alivyochora kwenye vibanda vya vinyozi vilijulikana mpaka mtaa wa Carama, na wateja walikuwa wakinyoosha kidole kwenye ubao na kusema wanataka kama kile cha tatu. Alikuwa fundi na alikula kwa jasho lake. Lakini mwaka ule mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia sanduku la rangi za mafuta zilizo kwenye tyubu, chupa ndogo ya mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi, na kitabu kinene cha picha za majumba ya makumbusho. Jalada lilikuwa limechanika na maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeitambua. Tangu siku ile Salvatori akaona vichwa vya vinyozi ni kama kutafuna kitu kisicho na ladha.

Baba hakupenda. Baba alikuwa mfanyakazi wa serikali, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na maneno machache, na kwake neno likishasemwa lilikuwa kama limetiwa muhuri. Mvua ya kwanza iliponyesha alimwita mdogo wake sebuleni na kumpa msimu mmoja. Mwisho wa mvua kulikuwa na maonyesho ya picha katika ukumbi fulani mjini. Picha ya Salvatori ikipokelewa, atabaki Ngagara na achore anachotaka. Ikikataliwa, atakwenda Ruziba kulima shamba la mpunga la babu, ambalo lilikuwa limebaki bila mtu, na habari za picha ziishe. Salvatori alikubali palepale, kichwa chini, kama mdogo anavyomkubalia mkubwa wake. Mimi niliyasikia yote kutoka nyuma ya mlango, na sikutaka aende. Ndani ya nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyejibu maswali yangu yote, hata yale ambayo hakuwa na jibu lake.

Kabla ya kushika brashi, kila siku tulifungua kitabu. Hatukuweza kusoma, kwa hiyo tuliangalia, na sijaona tena watu wakiangalia vile. Kulikuwa na mzee mwenye kola nyeupe pana kama sahani, na Salvatori alitaka kujua nani aliifua na kwa sabuni gani. Kulikuwa na mwanamke anayesafisha samaki karibu na dirisha, naye Salvatori alikadiria kwamba dirisha lile lilitazama kaskazini na kwamba mwanamke alikuwa amegombana na mtu asubuhi. Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya meza tu: mkate, kisu, na limau lililomenywa nusu, ganda likining'inia. Angeweza kukaa mbele ya limau lile mpaka mvua ipungue.

"Fina," aliniambia siku moja, "huyu mutu aliacha kumenya. Alienda wapi?"

Nilimwambia labda aliitwa na mama yake. Akalifikiria jibu langu kwa uzito wote, kisha akasema inawezekana. Ndiyo sababu aliamua kunichora na maharage. Alisema wale wa kwenye kitabu hawakuchora wafalme peke yao. Walichora vitu vya jikoni, na sisi jiko tulikuwa nalo.

Mafuta ya kitani yaliisha katika wiki ya pili. Salvatori alizunguka maduka yote ya rangi mjini, kila duka likamwonyesha mafuta ya mashine au ya nywele. Alirudi amelowa, akaketi mbele ya kitabu, akakifungua kwenye limau. Nami, kwa bahati mbaya, nikafungua mdomo. Niliuliza kwa nini picha zote zile zilikuwa na rangi ya mawese. Ni kweli zilikuwa nayo: ule wekundu wa dhahabu, kama kila kitu kimeangaliwa kupitia glasi ya chai. Salvatori alinitazama, akaenda jikoni, akarudi na kibakuli cha mawese yaliyotoka Ruziba kulekule, akakiweka kando ya ukurasa. Rangi ilikuwa ileile. Alicheka kwa furaha mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba mafuta ya kitani hukauka yakawa ngozi ngumu, na mawese hayakauki kamwe. Tulijua tu kwamba vyote viwili vinaitwa mafuta.

Na lazima niseme kweli, picha ilipendeza. Shavu langu liliwaka kama ndizi mbivu. Maharage yaling'aa, kila moja na nukta yake ya mwanga. Mama, ambaye kila siku alilalamika kwamba maharage yanachambuliwa kwa saa tatu na bado yana mawe, alisimama mlangoni na kusahau alichotaka kusema. Ila siku zilipita, na kila tulipogusa ukingoni kidole kilirudi kimepakaa rangi. Salvatori alisema ni unyevu wa mvua. Sisimizi waligundua picha, wakapanda mstari kutoka sakafuni mpaka kwenye sinia langu. Zikiwa zimebaki siku mbili, mama alileta mbabula, lile jiko la makaa, na upepeo, akaipepea picha kama anavyopepea nyama ya brosheti. Joto likaiyeyusha zaidi, na shavu langu la kushoto likaanza kushuka taratibu kuelekea shingoni. Salvatori alilirudisha juu kwa brashi, akiniomba msamaha.

Siku ya kupeleka picha tulikwenda kwa miguu, yeye amebeba mbao mbele, mimi nimeshika nyuma, tukiwapigia watu kelele wapishe. Ukumbini mpokeaji alikuwa bwana mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko alivyotazama nyingine, nikaanza kutumaini. Kisha akainua kidole gumba, akakigusisha kwenye picha, akakinusa.

"Rafiki yangu," alisema kwa upole, "hii umeipika lini?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Hata Salvatori alicheka kidogo, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba picha isiyokauka haiwezi kutundikwa mahali penye watu, akaelezea habari za mafuta yanayokauka na yasiyokauka, na Salvatori alisikiliza kwa makini sana, akiuliza maswali, kama vile hakuwa anapoteza chochote. Njiani kurudi ni mimi peke yangu niliyewapigia watu kelele wapishe. Nilimwambia kosa ni langu, ni mimi niliyeyataja mawese. Alisimama, picha kati yetu, akasema mtu anayeuliza hana kosa, mwenye kosa ni anayejibu haraka.

Baba alikuwa sebuleni. Hakuuliza, alituona tu tukiingia nayo. Akaomba iwekwe juu ya kiti, akaitazama, mikono nyuma, kama anavyotazama faili.

"Nilisema nini?" aliuliza.

"Ruziba, mukubwa wangu."

"Basi, Ruziba."

Salvatori aliondoka Jumatatu na begi moja na kitabu chake. Nililia, nikakataa chakula, nikapewa, nikala. Lakini baba alifanya jambo ambalo mama hakulielewa. Alipigilia msumari juu ya kiti chake mwenyewe na kuitundika picha pale, akatangaza kwamba hakuna mtu kuigusa. Ukiwaambia watu wa Ngagara wasiguse kitu, umeshawaalika. Wageni walikaa, wakanywa, wakazungumza habari za mishahara, na walipoinuka kuaga kidole kimoja kilikuwa kimeshapita mahali. Padri aligusa. Jirani aliyekuja kuazima mwavuli aligusa, akajifutia ukutani. Mwisho wa wiki ya kwanza pua yangu haikuwa na upande wa kulia. Baba akatuma ujumbe Ruziba kwamba picha imeharibika, na mwenye kuuharibu ukuta kwa mafuta yake aje aitengeneze. Jumamosi Salvatori alikuja na brashi zake, ana matope magotini, akafanya kazi mpaka jioni. Baba alikaa naye chumba kimoja, akisoma gazeti moja siku nzima. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Kwa kuwa rangi haikukauka, hakurekebisha tu palipoguswa. Alibadilisha. Meno yangu ya mbele yalipoota, aliyaotesha na kwenye picha. Nilipokatwa nywele, alizikata.

Kisha wageni walizoea. Mtaa mzima ulikuwa umeshapata doa lake, hamu ikaisha, wiki ikapita bila mtu kugusa. Nilihesabu siku kwa woga, kwa sababu picha nzima ilimaanisha Jumamosi tupu. Ijumaa ile mchana nilikuwa nimejilaza nyuma ya kochi, nikifumua redio ndogo ya mama kutafuta sauti zinakokaa, mahali ambapo sikutakiwa kuwa. Baba aliingia kutoka kazini. Aliweka mkoba, akavua koti, akachungulia jikoni, akachungulia uani. Kisha akaenda mbele ya picha, akanyoosha kidole gumba, na polepole, kwa uangalifu wa mtu anayepiga muhuri, akakiburuza juu ya shavu langu kutoka jichoni mpaka kidevuni. Akajifuta kwa leso. Akaenda mlangoni na kumwita mama kwa sauti ya hasira, akisema watoto wa nyumba hii hawasikii, picha imeguswa tena, lazima Salvatori aitwe.

Nilichapwa makofi mawili kwa ajili ya doa lile. Sikumtaja mwenye kidole, na sijawahi kupigwa nikiwa na furaha kiasi kile.

Yamepita mengi. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili, kwa kuwa kila dirisha la darasa lilinipeleka nje. Nimeishi Uvira, Kigoma, Kampala, nimeuza vitenge, nimepika kwenye meli, nimepaka rangi kuta za hoteli. Sasa nakodi chumba Carama na nachora kwa mafuta ya kitani, yale ya kweli, ninayoletewa na wasafiri. Picha zangu za mwaka huu ni za vitu vya jikoni: mbabula, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, juu ya gazeti, mikono ya mama ikitwanga majani ya muhogo ya sombe. Zinakauka vizuri na zinanunuliwa. Salvatori bado yuko Ruziba, analima mpunga asubuhi na kuchora mchana. Picha yangu aliichukua ukuta ulipopigwa lipu upya, na mara ya mwisho nilipokwenda kumtembelea nilikuta ameniongezea mvi mbili. Nilimwambia nina moja tu. Akasema atanisubiri.

Mwaka jana watu waliopenda kazi zangu walinilipia safari ya kwenda kuona jumba la makumbusho ng'ambo. Nilisimama mbele ya meza kama ile ya kitabuni, mkate na limau, siku tatu mfululizo. Ilikuwa imesafishwa karibuni, na limau lilikuwa la njano baridi, kitambaa cheupe kabisa. Rangi ya mawese ilikuwa vumbi na vanishi ya miaka mingi, si zaidi. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akasogea. Kulikuwa na kamba nyekundu mbele ya picha, na nilipoinama kuona alama za brashi aliniomba kwa adabu nirudi nyuma. Nilirudi. Ni kazi nzuri kupita chochote nitakachowahi kufanya, na mwenye kulimenya limau lile hatarudi.

Niliporudi nyumbani nilimweleza baba. Amestaafu, anatembea kwa fimbo, na kila Alhamisi anapanda teksi kuja Carama, kwa sababu ninamchora. Alisikiliza habari za kamba na mlinzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Sasa mutu akitaka fundi arudi," aliuliza, "anafanya je?"

Nilianza kusafisha brashi. Alinyoosha shingo akatazama picha yake, akauliza bado nini. Picha ile imekwisha wiki mbili zilizopita, imekauka, hata ukiigusa kwa kiganja kizima haikuachii kitu. Nilimwambia sikio la kushoto bado linanisumbua, aje tena Alhamisi.