Simu Niliyopiga Kutoka Mpakani

Mimi nikisafiri hutapika, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Zambia, tena peke yangu. Kwa hiyo asubuhi nilipopanda treni pale Makambako, nilimeza vidonge viwili vya kichefuchefu badala ya kimoja, nikavuta kofia ya sweta mpaka puani. Sikusikia hata honi.

Niliamka mchana. Treni imesimama, na ndani ya behewa yamebaki mabegi tu. Nikajua tumefika Tunduma na wenzangu wameshuka kugongewa pasipoti. Nikampigia mke wangu aliyebaki Njombe.

"Mama Neema, nimefika mpakani salama. Huku hata hewa ni tofauti."

Akamshukuru Mungu, akasema ngoja awape ndugu habari njema.

Nikashukia upande usio na jengo, pasipoti mkononi, kama mtu aliyezoea mipaka. Mbele yangu alisimama muuza chai aliyejitanda kitenge, amenipa mgongo, anaongea na simu. Nikamtolea salamu ya Kizambia niliyoifanyia mazoezi wiki nzima.

"Mulishani, mama! Pasipoti wanagongea wapi?"

Akageuka. Alikuwa shemeji yangu wa Lyamkena, mdogo wake Mama Neema.

"Kamwene, shemeji," akanijibu kwa Kibena chetu. "Kichwa cha treni kimeharibika tangu asubuhi. Hamjaondoka."

Kisha akarudisha simu sikioni.

"Dada, huyo mtu wako wa Zambia ninaye hapa. Nimpe chai?"