Siku Niliyocheka Kando ya Rafiki Yangu Mei

Jamani, kuna kicheko changu kimoja ninachokionea haya mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Birmingham, Uingereza. Nilikuwa nasomea uuguzi. Jumamosi moja mchana nikambembeleza mwenzangu Mei, Mchina wa Malaysia, twende sinema.

Walionyesha filamu ya zamani ya mfululizo, ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Shujaa aliyevaa barakoa anapambana na jasusi wa Kijapani.

Aliyemwigiza jasusi alikuwa Mzungu aliyepakwa rangi, macho yamevutwa.

Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nikacheka.

Mwanamume wa mbele yetu akageuka, akamtazama Mei. “Kumbe ndugu yake yuko hapa.”

Wakazidi kucheka.

Nikamnong'oneza Mei, “Twende zetu.”

Hakuinuka. Akamwambia yule mwanamume taratibu, “Wajapani walimchukua baba yangu wakati wa vita hivyo, hakurudi. Siondoki mpaka nimwone huyu akishindwa.”

Yule bwana akageukia mbele.

Tulikaa mpaka mwisho.

Ndani ya basi nikamwomba Mei msamaha, maana kicheko changu alikisikia. Akafungua mkoba, akanionyesha picha ya baba yake.

Ninyi mlioishi ugenini, mmewahi kucheka hivyo?