Sufuria Juu ya Paa

Nilipokuwa na umri wa kutumwa maji lakini si wa kuuliza maswali, nilizijua sheria za kisima cha Nanchingwe kuliko nilivyojua kusoma. Usiteke jua likiwa la utosi. Usiteme mate karibu. Teka kwa kata ya kifuu, kidogo kidogo, usitie pupa. Na kubwa kuliko zote: usitumbukize sufuria lenye masizi, kwa sababu mwenyewe wa kisima atakasirika na kuyageuza maji kuwa chumvi. Nilimuuliza bibi mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wa kisima, huyo mwenyewe ni nani. Akaniambia ndoo yangu bado haijajaa.

Ukikitafuta kisiwa cha Nanchingwe kwenye ramani utapoteza muda wako. Kipo pale Ruvuma inapomwaga maji baharini, nyuma ya mikoko, na ukifika simu yako inakukaribisha Msumbiji ingawa hujavuka mpaka wowote. Kuna msikiti, shule ya madarasa mawili, mihogo, mikorosho michache inayozaa inapojisikia, na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Wanawake huokota pweza maji yakitoka. Kisima cha maji matamu ni hicho kimoja. Watu walijaribu kuchimba vingine, vyote vikatoa chumvi. Kwa hiyo sikatai kwamba kilistahili heshima. Kinachonichosha ni namna gharama ya heshima hiyo ilivyogawanywa.

Mama yangu alikuwa mtu wa kuja. Baba yake alitoka Songea kufanya kazi bandarini Mtwara, na mama alikulia mjini, katika nyumba ya Wakristo, akasilimu alipoolewa. Alikuja kisiwani na vyombo vyake, likiwemo sufuria kubwa la alumini lenye mishikio miwili. Mawifi zake walilisema sufuria lile kama vile ni mke mwenza.

Mwaka ninaousimulia, wanawali wa kisiwa walikuwa wanatolewa unyagoni. Wageni walitarajiwa kutoka Msimbati, Nanyamba na ng'ambo ya mto. Siku moja kabla ya sherehe bibi alisimama kisimani akawaambia wanawake, "Kisima hiki hakipendi masizi, na hakipendi pupa. Nimesema. Msije mkaniambia sikusema."

Lakini kwa kata ya kifuu huwezi kupikia kijiji kizima na wageni wake. Asubuhi ya sherehe wanawake walifika na ndoo za plastiki na kamba, na kikao kikafanyika papo hapo. Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyetoa hoja.

"Plastiki haijawahi kuona moto," alisema. "Masizi itayatoa wapi?"

Wanawake wakatazamana. Hoja ilikuwa nzuri. Hata bibi hakuipinga. Mmoja wa wanawali alikuwa mjukuu wake, na wageni walikuwa njiani.

Waliteka tangu asubuhi hadi alasiri. Maji ya pilau, maji ya kuosha vyombo, maji ya kuwaogesha wanawali, maji ya wageni kunawa, na mengine ya wageni kuoga kwa sababu kwao hawana kisima kizuri kama chetu. Hakuna sufuria lililogusa kisima. Nina hakika, kwa sababu nilikuwa nimepewa fimbo ya kufukuza mbuzi pale na sikuondoka. Sheria ya masizi ilifuatwa kwa ukamilifu.

Kesho yake chai ilikuwa ya chumvi.

Tulikusanyika kisimani. Kila mtu alionja na kutema, mbali, kama inavyotakiwa.

"Kuna mtu kachovya," alisema Shangazi Mwanahawa.

Hakutaja jina. Aligeuka tu kumtazama mama, na wengine wakageuka.

Bibi akamuuliza, "Sufuria lako liko wapi?"

"Jikoni. Lina mchuzi."

"Lilete."

"Mama, sikulichovya."

"Sijakuuliza hivyo. Nimekuambia ulilete."

Desturi ya Nanchingwe ni kwamba sufuria lililokosa huoshwa baharini, halafu hufudikizwa juu ya paa la mwenye nalo mpaka maji yarudi. Mwenye nalo hasogelei kisima. Sufuria la mama lilikaa juu ya paa letu, linameta, kila apitaye analiona. Mimi ndiye niliyekuwa namtekea maji, yale yale ya chumvi. Wazee wa kiume wakaanza kumshauri baba amrudishe mkewe mjini hadi mambo yatulie, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kubishana, akaanza kuulizia mashua.

Nilimwendea bibi nikalia. Nikamwambia nilikuwepo kutwa nzima na mama hakufanya kitu.

"Najua," alisema bibi. Alikuwa anamenya muhogo na hakuacha. "Wageni ukiwaambia wamekosa, watasusa. Mwanahawa ukimwambia, atanuna mwaka mzima. Mama yako atakwenda wapi? Ana watoto hapa."

"Baba anataka kumpeleka mjini."

"Mashua haiendi popote. Mwenye mashua nimeshaongea naye."

Nadhani aliona kwamba hapo amemaliza kazi ya kumlinda.

Mvua za masika zikanyesha. Tulilala tukisikia matone yakipiga alumini juu ya vichwa vyetu. Zilipokatika, maji ya kisima yalikuwa matamu, na Shangazi Mwanahawa akalishusha sufuria kwa mikono yake na kumkabidhi mama mbele ya watu.

"Umeona?" alisema. "Kimekusamehe."

"Na mimi je?" mama alimuuliza. "Mimi nimekisamehe?"

Baba alipopata kibarua kwenye mikorosho ya Naliendele, mama alikuwa wa kwanza kukaa ndani ya mashua, sufuria mapajani.

Mwaka huu nilirudi kisiwani kuandika makala kuhusu vijiji ambavyo hakuna anayeviandika. Bibi na shangazi wamefariki. Kisima kina pampu ya jua na tangi, na pembeni kuna kibao: MARUFUKU SUFURIA. Pampu inavuta tangu jua linapochomoza hadi linapozama, hakuna anayeizima, na tangi likijaa maji yanamwagika mchangani. Nilifungua bomba nikaonja. Chumvi.

Maji matamu ya kisiwa kidogo hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota taratibu unapata mafuta. Ukichota kwa nguvu unakoroga. Bibi alitaja vyote viwili, masizi na pupa. Watu walishika la masizi kwa sababu masizi yana mwenyewe. Pupa ilikuwa ya wote.

Kisha nikaona sufuria limefudikizwa juu ya paa la nyumba ya mwalimu, msichana kutoka Kigoma, mwaka wake wa kwanza kazini.

"Wameniambia niliweke pale," alinieleza akitabasamu. "Na maji wananitekea wenyewe, wamenikataza kabisa kwenda. Watu wa huku wakarimu sana, dada."

Serikali ndiyo iliyompangia kituo. Naye hana pa kwenda.

Nilichukua upondo wa mtumbwi nikalichokoa sufuria hadi likaanguka. Lilipiga kelele ya kutosha kuwaleta watu. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye nilicheza naye utotoni, alifika amekunja uso.

"Zuhura, unajua ulichofanya? Maji yakikataa kurudi, ni wewe."

"Sawa," nilisema. "Ni mimi. Na mzime pampu."

Wiki iliyopita mwalimu alinipigia. Anateka maji mwenyewe siku hizi. Pampu bado inavuma na maji bado ni ya chumvi, na jina linalotajwa kisimani ni langu. Wamemwomba aniambie nitume sufuria langu, maana paa haliwezi kukaa tupu.

Nilimsimulia mama jikoni kwake Naliendele, nikitarajia atakasirika kama mimi. Alisikiliza hadi mwisho, akainama chini ya meza, akavuta lile la mishikio miwili.

"Wapelekee hili," alisema. "Limeshazoea."