Mwamvua, mlinzi wa mpunga anayewatetea wezi wake

Jua bado halijavuka milima ya Matogoro, lakini Mwamvua Iddi yuko tayari juu ya dungu lake la miti, kanga mbili mabegani, kikombe cha uji mikononi. Ukungu wa Mei umelala juu ya mpunga, bondeni chini ya Msamala, Songea. Miguuni pake kuna kombeo na rundo la mabonge ya udongo. Havigusi. Anasikiliza.

Upepo unapoinuka, shamba zima linaanza kuvuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Ni ukanda mweusi wa kaseti, uliofungwa mti kwa mti juu ya masuke. Kundi la kweche, ndege wadogo wenye mavazi mekundu, linachomoka kwenye matete, linaukaribia mpunga, linakata kona na kurudi.

"Hapo sawa, waheshimiwa," anawaambia. "Kaleni mbegu za majani."

Leo ndiyo Jumamosi aliyopewa na mwenye shamba. Mzee Valence akikuta masuke yameliwa tena, matete yote ya ukingoni yatafyekwa pamoja na viota vilivyomo, na Mwamvua atatafuta kazi nyingine.

Mwamvua, mwenye umri wa miaka 28, alianza kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, akiwa mtoto huko Tunduru, kwenye mpunga wa bibi yake. "Wenzangu walikuwa wanatupa mawe tu," anasema. "Mimi nilitaka kujua huyu ni nani, na kesho atarudi na nani."

Alimaliza kidato cha nne, akaja Songea kwa shangazi yake anayeishi Bombambili, akitafuta ajira. Aliyoipata ni ileile ya utotoni. Akilinda vizuri hulipwa magunia matatu ya mpunga baada ya mavuno. Msimu ukiisha, hukaanga maandazi.

Mwaka jana, 2007, alikwenda mjini kwenye duka la intaneti kutuma maombi ya kazi. Kazi hakupata. Lakini muda wake ulikuwa haujaisha, akamwomba mwenye duka, Dastan, amtafutie ndege mmoja mweusi, mkia mrefu kuliko mwili, aliyekuwa akimsumbua akili tangu masika.

Walichokutana nacho ni blogu ya Watanzania wapenda viumbe wa porini, wakibishana juu ya ndege huyohuyo.

"Nilishangaa! Watu wazima, wana kazi zao, wanagombania mdomo wa ndege. Nikasema, kumbe siko peke yangu."

Akaandika maoni yake, akajibiwa. Baada ya wiki chache Dastan akamfungulia blogu yake mwenyewe, naye Mwamvua akaiita Dunguni. Haina picha, maana Mwamvua hana kamera. Ndege wake huwachora kwa maneno: huyu anatembea kama karani aliyechelewa, yule analia kama mlango usiotiwa mafuta. Wasomaji humsaidia kutaja majina: muuguzi wa Mwanza, dereva wa lori anayeandika popote anaposimama, na mmoja anayejiita Mtoto wa Kyela.

Saa moja ya intaneti ni shilingi elfu moja, nayo ni nyingi kwake. Kwa hiyo hutunga kichwani akiwa shambani, akifika anachapa bila kupumua.

Halafu, wiki iliyopita, Mzee Valence akapita shambani, akakuta masuke ya ukingoni yamepukutika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivi mwanangu, mimi nakulipa uwafukuze ndege au uwalee?"

"Makinda bado hayajaota manyoya, mzee. Nipe muda kidogo yaruke."

"Yataruka na mpunga wangu tumboni! Jumamosi ijayo nakuja na fyekeo."

Mwamvua hamlaumu. "Ada ya watoto wake imo humu shambani. Hata mimi ningekasirika."

Mchana uleule alikwenda mjini kwa miguu, akaandika: "Ndugu zangu, nisaidieni. Mimi nakaribia kufukuzwa kazi, na ndege kufukuzwa kwao."

Muuguzi alimwambia anunue nyavu. Dereva akajitolea kuja kupiga honi. Mtoto wa Kyela akajibu kwa kifupi: "Bibi yangu alifunga ukanda wa kaseti. Uvute ukaze, usokote kidogo. Upepo utapiga kelele badala yako."

Siku hizi watu wamehamia kwenye CD, na Dastan alikuwa na boksi zima la kaseti zilizokosa mnunuzi.

"Nyingi za kwaya hizi, dada. Ndege wako wataokoka."

"Basi changanya na taarabu, wasije wakanuna."

Kufunga hakukuwa kazi ndogo. Ukanda ulikatika, akaunga. Ukalegea kwa umande, akakaza upya, vidole vikachanika. Siku moja upepo haukuja kabisa. Alikimbia na kombeo kutoka pembe hadi pembe, akipiga kelele, mpaka jioni sauti ikamkauka.

Sasa jua limepanda. Mzee Valence anateremka na fyekeo begani, mkewe Mama Notburga nyuma yake. Anaitikia salamu, anakwenda moja kwa moja ukingoni, anachuma suke na kubana punje kwa meno. Anachuma jingine. Yote yamejaa punje. Mwamvua ameteremka, amesimama ameshika nguzo ya dungu.

Upepo unapita. Shamba linavuma.

"Inaimba nini hii?" mzee anauliza.

"Kwaya, mzee. Na taarabu kidogo."

Mama Notburga anacheka mpaka anashika magoti. "Valence, nami nitafunga ukanda jikoni, uache kudokoa nyama!"

Mzee hacheki. Anayatazama matete, ambamo makinda yanalilia chakula. Kisha anageuka, anainama na kuanza kufyeka majani ya njiani.

"Matete yasubiri mavuno," anasema bila kuinua kichwa. "Ila ukingo ule ukiliwa, tutaongea."

Mwamvua anapanda tena dunguni. Ana habari ya kuwapelekea watu wake leo, na mtu wa Kyela wa kumshukuru.

Msimu ujao anataka kuuza gunia moja akodi kiraka chake mwenyewe, kando ya matete hayohayo. Kamera itafuata. Ukanda anao wa kutosha, lakini mistari miwili ya mpunga ya ukingoni hataifunga.

"Hiyo wale," anasema, macho yakiwa kwenye matete. "Ndege hawa wamenipatia ndugu nchi nzima. Nitashindwaje kuwapa mistari miwili?"