Majina Yaliyogoma Kuingia

Mwanangu, iko siku moja ya mvua kule Segese, nikiikumbuka mpaka leo vidole hunipoa. Nilikuwa binti, nashika kompyuta katika ofisi ya machimbo. Kila aliyeshuka duarani, ndilo shimo la kuchimbia, alimtajia mlinzi jina lake na namba ya duara, mlinzi akaviandika kwenye simu, na majina yakatumwa kwa mafungu hadi kwenye hifadhi yetu ya kutafutia. Ukiandika jina, papo hapo unaona mtu yuko duara gani na kama ametoka. Tuliringa nayo, wee acha tu!

Asubuhi hiyo ukingo wa mashimo ukaporomoka. Watu wakakimbia ovyo, meneja akaniinamia: "Nani bado yuko chini?" Nikatafuta. Wote walioonekana walikuwa wameshatoka. Nje katapila lilishaanza kunguruma, lifukie mashimo yale kabla hayajavuta mengine.

Akaingia Mama Masanja, muuza uji wa pale, matope hadi magotini. "Niangalizie mwanangu." Nikaandika Masanja. Hakuna kitu. Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwa sauti ya mtu anayejua: "Hayupo chini, mama."

Mzee Ng'wandu, mkuu wa waokoaji, aliyezeekea migodini, alikuwa mlangoni. "Ng'wanawane," akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "hayupo, au hujamwona? Kimya kingi kina mshindo mkuu." Kisha akaenda kusimama mbele ya katapila.

Nikafungua jibu ambalo hifadhi ilirudisha kwa fungu la mwisho. Siku zote nilisoma mstari wa juu tu: limepokelewa. Safari hii nikashuka hadi chini, na masikini mimi! Kila jina lilikuwa na jibu lake, na mengine yamekataliwa. Tangu mwanzo hifadhi ilipangwa kupokea namba ya duara kwa tarakimu tupu. Juzi yake likafunguliwa duara jipya kando ya la saba, wachimbaji wakaliita 7B. Ile herufi ikakataliwa, na pamoja nayo kila aliyeshuka humo.

Meneja akafoka nifute yote tuanze upya. Nikamkatalia, maana tungepoteza hata tulichokuwa nacho. Nikalipatia duara lile tarakimu yake, nikarudisha yale yaliyokataliwa tu. Nikatafuta tena. Masanja: ameshuka, hajatoka. Na wenzake wote.

"Zimeni katapila!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Walichimba kwa makoleo na mikono hadi jioni. Masanja alitolewa hai, kinywa kimejaa vumbi. Wenzake wakafuata, ila mmoja hakufumbua macho tena. Mama Masanja hakunishukuru. Aliniuliza tu, "Binti, ulitaka kumfukia nani?"

Basi mwanangu, wewe unayeshika kompyuta za watu, sikia. Kuambiwa fungu limepokelewa si kuambiwa yote yameingia. Soma jibu la kila kilichomo, kijue kilichokataliwa na sababu yake, urekebishe hicho hicho. Na usipoona kitu, sema hujakiona, wala haikuvunjii heshima. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyochoka na ulimi wenye hofu, na mama yeyote atakayekuuliza habari za mwanawe, akujalie umjibu kweli tupu.