Nilimuua Mama kwa Mdomo Nikaenda Kutalii Bangkok

Mama yangu alikufa mara mbili.

Mara ya kwanza nilimuua mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, jikoni kwangu Rinkeby, mke wangu akikaanga vitunguu. Mama alikuwa Bukoba, mzima wa afya, analima maharage yake.

Nitukaneni tu, nimezoea. Lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa Februari 1976. Naitwa Method. Nilikuwa fundi kwenye gereji ya mabasi hapa Stockholm, mwaka wa tano tangu niletwe kwa mafunzo. Wasweden wa pale, kila wakinywa kahawa wanazungumzia likizo. Huyu anakwenda kuota jua Hispania, yule visiwa gani sijui. Wakinigeukia mimi, jibu langu lilikuwa moja.

"Nakwenda nyumbani."

Kwetu likizo ndiyo hiyo. Unakwenda na masanduku manne, unarudi na shati ulilovaa. Mara ya mwisho sikuamka hata siku moja bila mtu kunigongea mlango na shida yake. Nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Basi Bengt, mwenzangu wa gereji, alikuwa asafiri na rafiki yake kwenda Bangkok. Rafiki akavunjika mguu. Tiketi na hoteli, wiki mbili nzima, zikawa zinauzwa bei ya kutupa.

"Twende, Method. Kule kuna joto," akaniambia.

Nje theluji ilikuwa imefika magotini. Tamaa ikanishika, sifichi. Nilitaka wiki mbili tu za kutokuwa mtoto wa mtu, mume wa mtu wala kaka wa mtu.

Ngoma ilikuwa hapa: Mama alikuwa ameniandikia tangu Krismasi, "Njoo nikuone." Nikamjibu sina nauli. Na Domina, mke wangu, ndiye aliyeipeleka barua ile posta. Sasa ningemwambia nini? Kwamba nauli ya Bukoba sina, ya Bangkok ninayo?

Nikasimama mlangoni mwa jikoni.

"Domina, imekuja telegramu kazini. Mama ametutoka."

Mwiko ukamponyoka. Alipiga yowe mpaka mtoto akaamka.

Pale pale ningeweza kusema natania. Sikusema.

Jioni nyumba ilijaa. Watu wetu, Watanzania kwa Wakenya, walitoka Rågsved, wakatoka Jakobsberg, wakaja na sufuria zao. Mzee Ladislaus, ambaye ndiye tuliyemfanya baba yetu huku ugenini, akaongoza rozari. Nikawaambia nauli ya kwenda kuzika nimekopeshwa kazini. Truphosa, Mkenya wa ghorofa ya chini, akaniwekea mikononi blanketi jipya la sufu.

"Umfunike mama nalo, shemeji. Mchanga ni baridi."

Blanketi likafika Bangkok.

Jamani, ule mji! Joto lilinipokea kwenye ngazi za ndege. Bajaji zinapiga kelele, mahekalu yana paa za dhahabu, watu wanakaanga vyakula kando ya barabara, pilipili inakupigisha chafya ukiwa ng'ambo ya pili. Mfereji mzima ni soko: akina mama wenye kofia pana wanauzia mitumbwini. Watu walinisimamisha kunishika nywele, wakacheka, nami nikacheka. Hakuna aliyeniuliza nimemletea nini. Nilikuwa na raha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya nne bibi mmoja akaniuzia ndizi za kuchoma. Nilipolipa, akaniongezea moja bila kusema kitu. Mama naye alikuwa hivyo hivyo, kila akiuza lazima aongeze. Nikaiweka ndizi chini bila kuionja. Bengt akauliza kulikoni, nikasingizia jua.

Jumapili ya kurudi nilijifungia chooni uwanja wa ndege wa Arlanda, nikanyoa kichwa kwa wembe kama mfiwa. Nikafunga tai nyeusi. Blanketi nilikuwa nimeliacha kwenye kabati la hoteli. Kwenye treni ya chini ya ardhi nilikaa nikijifunza maneno ya kusema.

Nilifika kama saa nane mchana. Mlangoni viatu vimejaa. Nikajua, wamekuja kunipa pole.

Domina alikuwa amekaa chini, kanga kichwani. Hakunyanyuka. Nikadhani ni huzuni.

"Pole na safari," Mzee Ladislaus akasema. "Kaa. Tueleze msiba."

Ndivyo ilivyo kwetu. Aliyetoka kuzika hueleza marehemu aliugua nini na alizikwaje, ili wasiokuwepo nao wazike kwa masikio. Yote nilikuwa nimeyatunga kwenye ndege.

"Ilikuwa homa," nikaanza. "Siku tatu tu."

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta kwenye jeneza. Walikuwa wananisubiri mimi."

"Watu walikuja?"

"Ooh! Nyasi za kukalia zilitandikwa mpaka uani, mzee."

"Na blanketi langu?" Truphosa akauliza kwa sauti ndogo.

"Amezikwa nalo, shemeji."

Akafunika uso kwa viganja. Mimi nikaona mambo yananiendea vizuri.

"Kaburi mlichimba wapi?" Mzee akaendelea.

"Kwenye migomba, ubavuni mwa Baba." Hapo machozi yakanitoka, na yalikuwa ya kweli. "Wakalishusha jeneza kwa kamba, taratibu. Mimi nikatupa udongo wa kwanza."

Mzee Ladislaus akatazama saa yake.

"Sasa hivi Bukoba ni saa kumi," akasema. "Ndiyo saa waliyoipanga. Method, mama yako amefariki jana alfajiri. Hapa unapotueleza, ndiyo wanamshusha."

Nilicheka. Haki ya Mungu, nilicheka.

Domina akanisogezea telegramu tatu. Zote zilitoka kwa Evodius, mdogo wangu. Ya kwanza ilisema: MAMA MGONJWA SANA ANAMWITA METHOD AJE UPESI.

"Ilikuja siku ya nne baada ya wewe kuondoka," Domina akasema. "Nilijua ni ya zamani, imechelewa njiani. Nikaiweka kwenye Biblia. Siku mbili, Method! Siku mbili ilikaa humo, mpaka Mzee alipoisoma tarehe."

Walikuwa wamepeleka telegramu kuuliza. Jibu likaja: MAMA YU HAI METHOD HAJAFIKA YUKO WAPI. Wakaenda gerejini. Bosi wangu, bila hiana, akawaambia Method na Bengt wako Bangkok. Hoteli gani, hakujua mtu.

Ya tatu sikuisoma.

Nilitoka mbio na soksi, ngazi zote, mpaka kwenye theluji. Kwenda wapi? Jumapili posta imefungwa, na hata ingekuwa wazi, telegramu gani ingewahi? Nilisimama mbele ya jengo nikapiga kelele kwa Kihaya, "Msimfukie! Ngojeni, nakuja!" Mtu mzima, kichwa kipara, tai nyeusi, napigia kelele maegesho ya magari. Wasweden wakachungulia madirishani. Nikapiga magoti. Niliomba nife pale pale, na nilimaanisha.

Domina akashuka na viatu vyangu. Akaviweka mbele yangu kwenye theluji.

"Vaa."

"Alisema nini, Domina? Aliambiwa nini?"

Akaifunga kanga upya kichwani.

"Alikuwa anakuulizia tu. Ningemjibu Evodius nini, kwamba mwanawe yuko matembezini? Nilimpelekea telegramu amwambie umeshapanda ndege, uko njiani." Akajifuta pua kwa kanga. "Umenifanya nimdanganye mtu anayekufa."

Akageuka akapanda ngazi.

Aliishi nami miaka mingi baada ya pale, akanizalia wengine wawili. Lakini ile siku hakuitaja tena, na nikimwambia kitu chochote, hata kwamba mvua inanyesha, alikuwa anakwenda dirishani kutazama mwenyewe.

Barua ya Evodius ilifika baada ya mwezi. Aliandika kwamba Mama alipoambiwa niko njiani alifurahi, akaomba uji, akamaliza kikombe. Kisha akaomba kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni. Mvua ilipokuja walitaka kufunga mlango, akawakatalia. Alikaa hivyo siku sita.

Nina miaka sabini na minane sasa, na hii ni mara ya kwanza naandika haya kwa mkono wangu. Kijana uliyeko ughaibuni, kutalii si dhambi. Ukitaka kwenda Bangkok, sema nakwenda Bangkok. Watakununia, watakusema kwenye kila harusi, kisha watachoka. Na mama akikuita, nenda. Kama huendi, mwambie, mwanangu, ee, mwambie wazi kwamba huji, alie, akukasirikie, ageukie ukutani alale.

Usimwache anatazama mlango.